Msiwaambie wanafunzi wabane mapambizo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu ushauri uliotolewa na gazeti hili katika ukurasa wa elimu. Mwandishi aliwaambia wanafunzi wanaokamilisha tasnifu na ripoti zao kwamba njia nyepesi ya kupunguza gharama ya kuchapisha ni kubana mapambizo ya ukurasa, yaani nafasi tupu za pembezoni, hadi nusu inchi kila upande. Nimeisoma makala hiyo mara mbili, nikaikata, na sasa imelala hapa mezani kando ya sindano na uzi. Mimi ni mjalidi wa vitabu. Nimeshona na kugundisha karatasi za watu kwa miaka 19, na kabla ya hapo nilikuwa mpiga taipu kwa miaka 12. Tasnifu zilizobanwa mapambizo huishia mikononi mwangu, na mimi ndiye ninayelazimika kumweleza mwenye kazi kwamba haifungiki.

Kwanza nimpe mwandishi haki yake. Kwa upande wa karatasi, hesabu inamuunga mkono. Ukurasa wa A4 una upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Ukiacha pambizo la kawaida la Microsoft Word, yaani inchi moja au sentimita 2.54 pande zote nne, maandishi yanapata eneo la milimita 159 kwa 246, ambalo ni kama asilimia 63 ya karatasi. Ukibana hadi nusu inchi, sentimita 1.27, eneo hilo linafika asilimia 80. Kazi ya kurasa 100 inashuka hadi kurasa 78 hivi. Mwanafunzi anayehesabu kila karatasi ataona amepata nafuu kubwa, na simlaumu hata kidogo. Lakini hesabu hiyo inachukulia kwamba karatasi italala bapa mezani siku zote. Tasnifu hutobolewa, hushonwa, hugundishwa na kukatwa kingo, kisha hufunguliwa na mtu anayetaka kuiona herufi ya kwanza ya kila mstari.

Nieleze kinachofanyika hapa. Karatasi zikifika nazigonga mezani zilingane, nazibana kwenye jiliwa, halafu natoboa matundu upande wa kushoto, milimita 8 kutoka ukingoni, napitisha uzi. Milimita hizo 8 hakuna atakayeziona tena. Tena karatasi haifunguki kama mlango kwenye bawaba. Inaanza kupinda taratibu kutoka kwenye mshono, na mpindo huo unakula milimita 5 au 6 nyingine, zaidi ya hapo kitabu kikiwa kinene. Jumlisha: milimita 13 au 14. Pambizo la nusu inchi ni milimita 12.7. Maana yake herufi za mwanzo zimeshaingia kwenye mpindo kabla msomaji hajafungua jalada. Baada ya gundi kukauka nakata kingo tatu zilizobaki, milimita 3 kila upande, ili kitabu kiwe na ukingo safi. Pambizo la kulia nalo linabaki chini ya sentimita moja, na msomaji hana pa kuweka kidole gumba bila kufunika maneno.

Miaka minne iliyopita alinijia binti mmoja na tasnifu yake, kurasa 160, nakala tano, zote zimebanwa nusu inchi. Akaniamkia vizuri, akaweka mzigo mezani. Nikapima kwa rula, nikamwambia, "Mwanangu, hapa sitapata pa kushona." Akanijibu, "Mama, nisaidie hivyo hivyo, kesho ndiyo siku ya mwisho." Nikashona. Ningemkatalia siku ile ningemsaidia zaidi, na jambo hilo bado linaniuma.

Wiki chache baadaye alirudi na nakala moja mkononi, macho yamemvimba. Mtahini alikuwa ameandika kwamba hitimisho la sura ya nne linapingana na jedwali lililo juu yake. Jedwali linaonyesha mambo mawili hayahusiani, na sentensi iliyo chini yake inasema kuna uhusiano. Tukaufungua ukurasa ule pamoja. Nikakandamiza kwa vidole gumba viwili mpaka gundi ya mgongoni ikalia, na pale kwenye mshono, gizani kabisa, zikaonekana herufi mbili: h na a. Binti alikuwa ameandika "hakuna uhusiano". Mtahini alisoma "kuna uhusiano". Nilizipima herufi hizo. Kwa fonti ya Times New Roman ya ukubwa wa 12, h na a zikiwa pamoja zinachukua milimita 4 tu.

Naomba wasomaji walifikirie jambo hili kwa lugha yetu hasa. Kiswahili mara nyingi hukanusha mwanzoni mwa neno. Hawana ikipoteza herufi mbili za mbele inakuwa wana. Sikubali inakuwa kubali. Hazina faida inakuwa zina faida. Msomaji hawezi hata kushuku kwamba kuna kitu kimepotea, kwa sababu neno lililobaki ni Kiswahili safi. Kwa hiyo anayeandika kwa Kiswahili na kubana pambizo la kushoto anauweka mshono juu ya ndiyo na hapana za kazi yake mwenyewe.

Nilifumua nakala zote tano, lakini kufumua hakukusaidia, kwa kuwa karatasi yenyewe haikuwa na nafasi. Ilibidi kuchapisha upya. Tukafungua faili lake, tukaweka pambizo la kushoto sentimita 3.8 na mengine 2.54, na kazi yote ikavurugika mbele ya macho yetu. Kurasa 160 zikawa 221. Yaliyomo alikuwa ameyaandika kwa mkono, nukta baada ya nukta hadi kwenye namba ya ukurasa, na hakuna namba hata moja iliyobaki sahihi. Vichwa vya sura alikuwa amevisogeza katikati kwa kugonga spesi, vikahama. Kila sura mpya alikuwa ameisukuma ukurasa unaofuata kwa kugonga Enter mara kumi au kumi na tano, kwa hiyo kichwa cha "Sura ya Tatu" kikaning'inia peke yake chini ya ukurasa. Tulikaa tangu jioni hadi usiku wa manane tukifuta spesi na mistari mitupu, tukiweka mkato wa ukurasa mahali pake kwa kubonyeza Ctrl na Enter kwa pamoja, tukiiacha programu itengeneze yaliyomo yenyewe.

Basi akumbuke kila mwandishi kwamba pambizo hupangwa kabla ya herufi ya kwanza. Enzi za taipureta hatukuwa na hiari. Ulisogeza vizuizi viwili vya chuma juu ya mashine, cha kushoto na cha kulia, ndipo ukaingiza karatasi. Ukikaribia mwisho wa mstari kengele ililia, ukajua umebakiwa na herufi chache, ukamalizia neno na kurudisha behewa, ile sehemu ya mashine inayobeba karatasi. Kompyuta imeondoa kengele na imetupa ruhusa ya kubadilisha mawazo, na ruhusa hiyo ni nzuri, lakini imewafanya wengi wadhani kwamba pambizo ni urembo wa kumalizia, kama kuchagua rangi ya jalada.

Kwenye Microsoft Word ingia kichupo cha Layout, bofya Margins, ushuke hadi chini kabisa kwenye Custom Margins. Dirisha litafunguka lenye visanduku vinne: juu, chini, kushoto, kulia. Usihangaike kama kompyuta yako inahesabu kwa inchi na mwongozo uliopewa ni wa sentimita. Andika 3.8 cm pamoja na kipimo chake, programu itageuza yenyewe. Kwenye LibreOffice Writer pambizo limo ndani ya mtindo wa ukurasa, chini ya menyu ya Format, na huko kipimo cha kuanzia ni sentimita 2, kwa hiyo asishangae anayehamisha faili kutoka programu moja kwenda nyingine. Kwenye Google Docs utaipata chini ya File, mahali pa kupanga ukurasa.

Katika dirisha lile la Word kuna kisanduku cha tano ambacho watu wengi hukiruka. Kimeandikwa Gutter. Mimi hukiita mfereji wa mshono, kwa kuwa ni nafasi ya ziada inayoachwa kwa ajili ya mjalidi peke yake. Chochote utakachoandika humo kinaongezwa juu ya pambizo la upande wa mshono. Pambizo la kushoto likiwa 2.54 na mfereji 1.27, unapata sentimita 3.81, ndiyo ile inchi moja na nusu ambayo miongozo mingi ya tasnifu huidai. Ila uchague njia moja. Nimeona kazi za watu walioweka kushoto 3.8 kisha wakaongeza mfereji, maandishi yakasukumwa kulia zaidi ya sentimita tano kutoka ukingoni.

Kosa ninalokutana nalo kila wiki ni la rula iliyo juu ya ukurasa. Juu yake kuna vipembetatu vidogo vya kijivu. Mwandishi anavishika, anavivuta, anaona maandishi yamesogea, anaridhika. Vipembetatu vile ni vya aya. Vinasogeza aya ile tu ambayo kishale kimo ndani yake, na pambizo la ukurasa liko palepale. Ukiandika kurasa 80 kwa namna hiyo utakuwa na aya zinazoanzia sentimita 2.5, nyingine 3, nyingine 3.4, na mimi nikizigonga mezani na kutazama kingo za maandishi naona ngazi. Pambizo halisi kwenye rula ni pale sehemu ya kijivu inapokutana na nyeupe. Kishale cha kipanya kikifika hapo barabara kinageuka kuwa mshale wa ncha mbili. Binafsi nawashauri watu waiache rula kabisa wakati wa kupanga pambizo, waandike namba kwenye dirisha, kwa sababu namba haitetereki.

Sasa nirudi kwenye kuokoa karatasi, maana ndilo lengo la makala yenu na ni lengo jema. Kubana mapambizo kunaokoa kurasa 22 katika 100. Kuchapisha pande mbili za karatasi kunaokoa karatasi 50 katika 100, bila kugusa pambizo hata milimita moja. Huu ndio ushauri ambao gazeti lingewapa wanafunzi, pale ambapo wanaopokea kazi wanaruhusu pande mbili. Sharti lake ni moja. Kitabu kikichapwa pande mbili, mshono hauko kushoto siku zote. Kurasa za namba witiri, 1, 3, 5, mshono uko kushoto kwake. Ukigeuza karatasi, ukurasa wa 2 mshono uko kulia. Aliyeweka sentimita 3.8 kushoto kwa kurasa zote ataacha nafasi kubwa nje na nafasi finyu ndani kwa nusu nzima ya kitabu. Programu zinalijua hili. Katika dirisha lile la mapambizo, kwenye orodha ya kurasa nyingi, chagua mapambizo ya kioo, Mirror margins, na utaona maneno kushoto na kulia yamebadilika kuwa ndani na nje. Ndani ni upande wa mshono, popote utakapoangukia. Kwenye Writer mpangilio huo umo katika mtindo wa ukurasa uleule niliokwisha kuutaja.

Wajalidi na wachapaji wamelijua jambo la ndani na nje tangu zamani. Jan Tschichold, aliyechunguza kurasa za vitabu vya kale vya Ulaya katika karne ya 20, alieleza uwiano wa mapambizo wa 2 kwa 3 kwa 4 kwa 6: ndani, juu, nje, chini. Ndani kunaweza kuwa kudogo kuliko nje kwa sababu kitabu kikifunguliwa kurasa mbili zinatazamana, na mapambizo mawili ya ndani yanaonekana kama moja. Lakini uwiano huo ni wa nafasi inayoonekana. Vitabu vile vilishonwa kwa mikunjo na vilifunguka hadi katikati. Tasnifu iliyotobolewa ubavuni haifunguki hivyo, ndiyo maana inadai upana zaidi upande wa mshono.

Kuna pia jicho la msomaji. Kwa fonti ile ile ya 12, pambizo la inchi moja linakupa mstari wa herufi 85 hivi, na tayari huo ni mrefu. Wataalamu wa uchapaji kwa kawaida hupendekeza kati ya herufi 45 na 75. Ukibana hadi nusu inchi mstari unafika herufi 100 hivi, na jicho likimaliza mstari na kurudi kushoto linapotea, linausoma mstari uleule mara ya pili au linaruka mmoja. Mtahini ana tasnifu nyingi za kusoma. Na akitaka kuandika dokezo, ataliandika wapi? Wazee wa vitabu waliita nafasi hii hashiya, jina hilo hilo la ukingo wa nguo, na maelezo yaliyoandikwa humo nayo yakaitwa hashiya. Msimamizi wa utafiti huzungumza na mwanafunzi wake humo humo pembeni.

Mawili mengine niyataje kwa haraka. La kwanza ni jedwali pana linalolazwa. Ukitaka ukurasa mmoja tu ulale, weka mkato wa sehemu (Section Break) kabla yake na baada yake, na unapobadilisha pambizo uhakikishe chini ya dirisha umechagua sehemu hii, si waraka wote. Kisha uangalie ni upande gani una ile nafasi pana, kwa kuwa programu hugeuza mapambizo pamoja na ukurasa. Katika karatasi iliyochapwa upande mmoja mshono unaangukia juu ya kichwa cha jedwali, na hapo ndipo panapohitaji sentimita 3.8.

La pili ni saizi ya karatasi, na hili limewaliza wengi. Kuna kompyuta zinazokuja zimewekewa karatasi ya Letter, yenye milimita 216 kwa 279. Ukiandika kazi yote kwa Letter kisha printa ikawa na A4, printa hupunguza ukurasa hadi asilimia 97 hivi ili upana utoshe, na mapambizo uliyoyapima kwa uangalifu hayapo tena. Madhara ni yaleyale kwa anayechapisha PDF huku ameacha chaguo la kupunguza ili itoshee ukurasa. Chagua ukubwa halisi, asilimia 100. Halafu chapisha ukurasa mmoja tu, chukua rula ya kawaida ya shuleni, pima kushoto. Ukipata milimita 38, endelea na zilizobaki.

Ndugu Mhariri, nadhani najua ushauri ule ulitoka wapi. Gazeti halishonwi. Karatasi zake hukunjwa katikati na kuingizwa moja ndani ya nyingine, kwa hiyo mtu aliyezoea kupanga kurasa za gazeti hajawahi kuona neno likimezwa na mshono. Kwa waraka wa kusomwa kwenye skrini, kwa rasimu ya kujisahihisha, kwa orodha ya majina ya kubandika ukutani, nusu inchi haina neno. Printa nyingi za kawaida haziwezi kuchapa hadi ukingoni kabisa, huacha milimita chache tupu, na nusu inchi iko salama mbali na hapo.

Ninaloomba ni masahihisho katika ukurasa uleule wa elimu, yakieleza kwamba kazi yoyote itakayojalidiwa iachwe angalau sentimita 3.8 upande wa mshono. Na kwa wale wanaotoa miongozo ya tasnifu nina ombi pia. Mingi niliyoletewa inasema "pambizo inchi moja na nusu kushoto" na kuishia hapo. Andikeni saizi ya karatasi, andikeni kama kazi itachapwa upande mmoja au pande mbili, na andikeni itafungwa kwa uzi, kwa gundi au kwa waya wa mviringo. Mwanafunzi apewe ukurasa huo siku anayoanza kuandika, maana siku ya kuchapisha anakuwa ameshachelewa.

Yule binti alipita. Nakala yake moja aliniachia, ya kurasa 221, na ninayo hapa rafuni. Kila mteja anayeleta kazi iliyobanwa namfungulia sura ya nne, namwonyesha mstari unaoanza na "hakuna", umekaa wazi, mbali na mshono, halafu nampa rula apime mwenyewe kazi yake.

Wako,
Mjalidi wa vitabu na msomaji wenu wa siku nyingi